Vitita vya Mishiri na Bekoni kwa Meza ya Krismasi

Kila mwaka, wiki moja hivi kabla ya Krismasi, ukoo wetu huanza kupanda mlima. Wanaotoka Dar es Salaam, Dodoma, Arusha na Mwanza hukutana kwenye kihamba cha babu, yaani shamba la ukoo lenye nyumba na migomba, huko Marangu kwenye miteremko ya Kilimanjaro, na ifikapo jioni ya tarehe 24 nyumba huwa na watu wasiopungua 40, bila kuwahesabu majirani wanaopita kusalimia na kuishia kula. Chakula hakikosekani siku hizo. Mbuzi huchinjwa, machalari, yaani ndizi zilizopikwa na nyama, hupikwa katika masufuria ambayo hubebwa na watu wawili, mama wadogo husimamia pilau, na mbege, pombe yetu ya ndizi, huwa imekwisha kuandaliwa mapema. Kinachokosekana ni mboga. Ukiiacha kachumbari, ambayo huisha kabla wazee hawajakaa, sahani nzima huwa nyama juu ya wanga, na watoto hupitisha siku tatu bila kuonja kitu cha kijani.

Kwa miaka minne sasa nafasi hiyo nimeichukua mimi, na ninachokipeleka mezani ni vitita vya maharage machanga vilivyofungwa kwa bekoni, yaani nyama ya nguruwe iliyokolezwa chumvi, na kuokwa mpaka bekoni ikauke na kung'aa. Ni chakula rahisi kwelikweli. Hakihitaji mpishi aliyebobea, hakihitaji viungo vingi, na kazi yake karibu yote inafanyika siku moja kabla, wakati jiko bado halijagombaniwa. Hata hivyo urahisi huo una sharti moja, nalo ni kuyadhibiti maji. Sharti hilo nililijua baada ya kuharibu sinia zima mbele ya watu, kwa hiyo nitalieleza kwa kirefu.

Maharage ninayoyasema ni yale ya maganda membamba, yanayoliwa yakiwa machanga pamoja na ganda lake, ambayo hulimwa kwa wingi Arusha na Kilimanjaro kwa ajili ya soko la Ulaya. Sisi tunayaita maharage machanga, jina ambalo humchanganya muuzaji sokoni, kwa maana anaweza kukupimia maharage mabichi ya kumenya. Wenzetu wa Kenya wanayaita mishiri, na kwa kuwa jina hilo ni fupi na halina utata, nami nimelichukua.

Mapishi haya niliyapata kwa binamu yangu anayeishi Minnesota, ambako huyapika kwa Sikukuu ya Shukrani, ile ambayo Wamarekani huiadhimisha Alhamisi ya nne ya Novemba. Huko mishiri ina kiti chake cha kudumu katika meza ya sikukuu. Mwaka 1955 Dorcas Reilly, aliyekuwa akifanya kazi katika jiko la majaribio la kampuni ya Campbell Soup, alibuni mapishi ya mishiri inayookwa kwa supu ya uyoga ya kopo na vitunguu vya kukaanga, na mpaka leo familia nyingi za Marekani haziioni sikukuu kuwa imekamilika bila bakuli hilo. Binamu yangu alilijaribu, akaliona zito mno, akahamia kwenye vitita. Wajerumani nao wana chakula cha namna hiyo, wanakiita Speckbohnen, na hukipakua pembeni ya nyama ya kuoka. Nilipoonja vya binamu kwa mara ya kwanza, wazo langu lilikwenda moja kwa moja kwenye mbuzi wetu wa Krismasi.

Kwa vitita 24 ninahitaji kilo moja ya mishiri, vipande 12 virefu vya bekoni ambavyo kila kimoja ninakikata katikati, gramu 50 za siagi, vijiko viwili vya chakula vya asali, punje nne za kitunguu saumu zilizotwangwa, pilipili manga iliyosagwa muda huo huo, na limau moja. Chumvi haimo isipokuwa ile ya maji ya kuchemshia, kwa sababu bekoni yenyewe imekolezwa chumvi tangu inapotengenezwa. Kwa watu 40 ninazidisha mara mbili na nusu, maana kila mtu mzima hula kitita kimoja au viwili tu pembeni ya nyama.

Bekoni inayofaa ni ile ya ubavuni na tumboni, yenye mistari ya mafuta na nyama iliyopishana, na ikatwe nyembamba. Madukani utakuta pia bekoni ya mgongoni, pana na yenye nyama nyingi, ambayo ni nzuri kwa mayai ya asubuhi lakini haifai kufungia: mafuta yake ni machache, inakauka na kuwa ngumu kabla haijashika, na upana wake unaifunika mboga yote. Mafuta ya bekoni ya tumboni yanayeyuka polepole, yanaipaka mishiri ladha ya moshi na chumvi, kisha kinachobaki kinasinyaa na kuibana mishiri kama kamba. Ikiwa umeipata nene tu, ipitishe kwenye kikaango kwa dakika tatu kwa moto mdogo, mpaka mafuta yaanze kutoka huku kipande kikiwa bado kinajikunja. Usiiache ikauke, itakatika mikononi.

Wako wanaoniuliza kama nyama mbichi ya nguruwe, ile inayoishia kuwa kitimoto, inaweza kushika nafasi ya bekoni. Inaweza, kwa ladha tofauti. Chukua nyama ya tumboni, iweke kwenye friza mpaka igande nusu ili kisu kipite bila kuivuta, ikate nyembamba uwezavyo, ipake chumvi na uiache usiku kucha kwenye friji. Hata hivyo nunua kwenye bucha ambalo nyama yake imekaguliwa. Minyoo ya tegu inayotokana na nguruwe bado ni tatizo katika maeneo kadhaa ya nchi yetu, na nyama ambayo haikuiva vizuri ndiyo njia yake ya kumwingia mtu. Rangi isikudanganye pia: bekoni hubaki na wekundu hata ikiiva, kwa sababu ya chumvi ya naitraiti iliyohifadhiwa nayo, kwa hiyo kipimo changu ni mafuta yaliyokwisha kuwa mang'avu na kingo zilizokauka.

Sasa tuje kwenye mishiri. Chagua iliyo membamba, iliyonyooka na inayokatika kwa mlio ukiikunja. Ikipinda bila kukatika imeshalala sana sokoni. Kata kikonyo tu; ule mkia mwembamba wa upande wa pili ni laini na una uzuri wake ukiuacha. Kisha ipange kwa urefu, kwa maana kitita chenye mishiri ya urefu mmoja hukaa vizuri kwenye sinia na huiva sawasawa. Kazi hii huwapa watoto. Mwaka jana wapwa zangu watatu walikaa barazani, kila mmoja na rundo lake, wakipima mishiri kwa vidole, na siku ya pili yake waliila bila kubembelezwa, kwa kuwa kila mmoja alikuwa akitafuta kitita chake.

Mishiri lazima ipite kwenye maji yanayochemka kabla ya kufungwa. Ukiifunga mbichi, bekoni itaungua huku ndani bado kunatafunika kama nyasi, na maharage ya jamii hii si ya kuliwa mabichi kwa vyovyote, kwa kuwa yana sumu ya asili inayovunjwa na moto wa kutosha. Chemsha maji mengi katika sufuria kubwa, tia vijiko viwili vya chumvi, na utumbukize mishiri kwa mafungu ili maji yasipoe. Dar es Salaam ninahesabu dakika tatu. Marangu, ambako tuko zaidi ya mita 1,300 juu ya usawa wa bahari, ninahesabu nne, kwa kuwa kadiri unavyopanda maji yanachemka kwenye joto la chini zaidi, na pale kihambani huchemka kwenye nyuzi 95 au zaidi kidogo badala ya 100. Mwaka wangu wa pili sikulizingatia hilo, nikaitoa kwa saa ya pwani, na shangazi akanirudishia sahani yake kwa upole akisema meno yake hayana ugomvi na mtu.

Wakati wa kuchemsha, sufuria isifunikwe. Mishiri ikipata moto hutoa asidi kidogo, na asidi hiyo ikibaki ndani ya maji huondoa magnesi iliyo katikati ya ule ukijani wa mmea, rangi ikageuka kuwa ya jani lililokauka. Sufuria ikiwa wazi sehemu ya asidi huondoka na mvuke. Ni kwa sababu hiyohiyo limau halitiwi mapema: linakaa pembeni mpaka chakula kiko mezani. Bibi zetu wanajua dawa nyingine ya rangi, nayo ni magadi, ambayo huifanya mboga ing'ae kijani ajabu. Naheshimu sana magadi katika maharage makavu, lakini hapa siyatumii, kwani yanalegeza ganda kwa haraka na kitita kinakuwa uji ndani ya bekoni.

Dakika zikitimia, epua, chuja, na uimwage mishiri yote kwenye beseni la maji baridi. Wenye barafu watie barafu. Marangu maji ya bomba mwezi Desemba ni baridi ya kutosha, nabadilisha mara mbili tu. Mishiri ikishapoa kabisa, itoe mara moja. Ikikaa humo itanyonya maji.

Hapa ndipo lilipo kosa langu la mwaka wa kwanza. Niliitoa mishiri kwenye beseni, nikaikung'uta kidogo kwenye chujio, nikaanza kufunga. Kwa macho ilionekana kavu. Lakini kati ya ganda na ganda mlikuwa na maji, na vitita vilipopata moto maji hayo yakageuka mvuke, yakapika bekoni kama nyama ya kuchemsha, nyeupe na tepetepe, na nusu ya vitita vikajifungua vyenyewe ndani ya mchuzi wa maji na mafuta. Tulivila, kwa sababu kwetu chakula hakitupwi, ila nilijua kwamba sikuwa nimepika nilichokusudia. Tangu hapo ninatandaza taulo mbili safi za jikoni mezani, ninaipanga mishiri juu yake kwa safu moja, ninaikunja taulo juu yake na kuiviringisha kwa kiganja, kisha ninaiacha wazi kwa nusu saa. Ukishika mishiri ukasikia kidole kinateleza, bado. Inapaswa ikwaruze kidogo, kama karatasi.

Kufunga hakuna ugumu. Chukua mishiri minane, au saba kama ni minene, ishike katikati kwa mkono wa kushoto, weka ncha ya bekoni chini yake, na uizungushe mara moja na nusu huku ukiivuta kwa wastani. Ikivutwa sana itakatika ikianza kusinyaa. Ikilegea mishiri itachomoka. Kisha kilaze kitita juu ya sinia, ncha ya mwisho ya bekoni ikiwa chini. Uzito wa kitita wenyewe unaishikilia ncha hiyo mpaka mafuta yaigandishe, wala huhitaji kijiti cha kuchokolea meno. Bibi, ambaye alikuwa akiniangalia tangu mwanzo akiwa amekaa kwenye kigoda chake, aliniuliza, "Mjukuu wangu, kamba hiyo nayo tunakula?" Nikamjibu, "Ndiyo, bibi, hiyo ndiyo tamu kuliko vyote." Akanyamaza, akavuta kigoda karibu, akaanza kufunga na yeye. Vitita vyake vilikuwa vimebana vizuri kuliko vyangu, na nilipomsifu akasema amefunga matita ya majani ya ng'ombe tangu akiwa msichana.

Vitita vipangwe kwa kuachiana nafasi ya upana wa kidole, maana vikibanana vinapikana kwa mvuke, na tunarudi kwenye kosa lilelile la maji. Kwenye oveni, washa mapema mpaka ifike nyuzi 200, weka sinia katika ngazi ya juu kidogo ya katikati, na uoke kwa dakika 15. Wakati huo yeyusha siagi pamoja na kitunguu saumu, kiache kinukie bila kubadilika rangi, epua, kisha changanya asali na pilipili manga. Dakika 15 zikiisha, mwaga mafuta yaliyokusanyika kwenye sinia, paka vitita kwa mchanganyiko huo, hasa juu ya bekoni, na urudishe ndani kwa dakika nyingine 10. Mafuta hayo ya bekoni usiyatupe, yanafaa sana kukaangia viazi. Asali isipakwe tangu mwanzo, kwa kuwa sukari yake itaungua na kuleta uchungu kabla bekoni haijaiva. Binamu yangu wa Minnesota hutumia sukari ya kahawia. Mimi nimejaribu zote mbili na ninaipendelea asali, kwani inashika vizuri zaidi na utamu wake hauzidi ule wa nyama.

Wasio na oveni wasikate tamaa, kwa maana kule kihambani sisi wenyewe hatuna. Tunatumia jiko la mkaa na kupalia, kama wanavyofanya wapishi wa pwani kwa wali na mikate. Chukua sufuria pana na nzito, upake siagi kidogo chini, panga vitita kwa safu moja, na ufunike kwa mfuniko bapa wa bati. Chini acha makaa machache yaliyoanza kufifia. Juu ya mfuniko weka makaa mengi yaliyokolea. Makaa yakiwa mengi chini, bekoni itaungua upande mmoja na mboga itashika sufuria, ilhali joto la juu ndilo linaloikausha. Fungua kila baada ya dakika nane hivi, si kwa ajili ya kuangalia tu bali kuuachia mvuke, na ufute upande wa ndani wa mfuniko kwa kitambaa kabla ya kuurudisha, kwa sababu matone yanayoning'inia pale yataanguka juu ya bekoni. Kwa njia hii huchukua dakika 30 mpaka 35, na nina hakika moshi wa mkaa unakiongezea chakula kitu ambacho oveni haina.

Jambo jingine ninalolichukulia kwa uzito ni wale ambao hawali nguruwe. Shemeji yangu ni Mwislamu, mama mdogo mmoja ni Msabato, na meza ya familia ni yao kama ilivyo yangu. Kuwaambia wachomoe mishiri waache bekoni ni kuwakosea adabu, kwani mafuta yameshaingia kote. Vitita vyao ninavitayarisha kwanza kabisa, kabla bekoni haijafunguliwa kwenye pakiti, kwa kisu chao, ubao wao na sufuria ambayo nguruwe haikuwahi kuingia, na vinapikwa kwenye jiko jingine. Badala ya bekoni ninatumia majani marefu ya liki, mboga ya jamii ya kitunguu, yaliyolainishwa kwa dakika moja katika maji yanayochemka, nikayapasua kwa urefu na kuyafunga fundo. Yanapendeza sana, kijani juu ya kijani, na kwa kuwa hayana chumvi wala mafuta yake, ninavipaka siagi nyingi zaidi na kuvinyunyizia chumvi na ufuta uliokaangwa. Vinakaa kwenye sinia lenye rangi tofauti, upande wa pili wa meza, na kijiko chake, na ninasema kwa sauti kabla ya sala ya chakula lipi ni la nani. Mwaka jana sinia hilo lilikwisha kwanza, na ilinibidi nisimame kuwazuia wala bekoni wasilimalize kabla wenyewe hawajapakua.

Mpango wangu wa muda ni huu. Bekoni huinunua Dar es Salaam na kuisafirisha ikiwa imeganda, katikati ya chupa za maji zilizogandishwa ndani ya boksi la ubaridi, na kwa safari ya basi ya zaidi ya kilomita 500 haijawahi kufika imelainika. Mishiri ninainunua Moshi mjini siku ya tarehe 23. Tarehe 24 mchana ninachemsha, ninakausha na kufunga. Vitita vilivyofungwa hukaa kwenye friji mpaka kesho yake, vimefunikwa kwa kitambaa badala ya nailoni, kwani nailoni inatoa jasho. Siku ya Krismasi, wenzetu wakirudi kutoka ibada ya asubuhi, mimi ninawasha mkaa tu. Ninavitoa friji nusu saa kabla, ninavipika wakati mbuzi anakatwakatwa, na vinafika mezani vikiwa bado vinatoa sauti. Limau linakamuliwa hapo hapo, mbele ya walaji.

Vikibaki, vikate vipande vidogo asubuhi ya tarehe 26, vikaange bila kuongeza mafuta, vunja mayai juu yake na ukoroge polepole. Wanaoanza safari ya kurudi Dar wanakula na chapati, na waliobaki wanasubiri zamu ya pili ya mayai.